Bahari ya Mwalimu Eliakimu

Mimi si mtu wa uongo. Waulizeni wateja wangu hapa Newala. Nikikosea kipimo cha gauni nasema nimekosea, nanunua kitambaa kingine kwa hela yangu, maisha yanaendelea. Kwa hiyo ieleweke tangu mwanzo kwamba uongo wa safari ya Mtwara haukuwa wangu. Ulikuwa wa Mwalimu Eliakimu. Mimi nilikabidhiwa tu, kama unavyokabidhiwa mtoto wa jirani ukae naye mpaka mama yake arudi sokoni.

Mwalimu Eliakimu ni mzaliwa wa Masasi, chini ya ile milima ya mawe, katika ukoo wa Kianglikana wa tangu enzi za misheni. Babu yake alikuwa mwinjilisti, baba yake mpiga kengele, na yeye mwenyewe mpaka leo havuki mlango wa kanisa bila kufunga kifungo cha juu cha shati. Akiwa kijana aliletwa kufundisha Mkunya, kijiji cha huku kwetu. Akaoa huko, akastaafu huko, na sasa anakaa Newala mjini, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Alifundisha jiografia miaka thelathini na minane, na katika jiografia yote alikuwa na mada moja aliyoipenda kuliko zote. Bahari.

Nimekaa kwenye dawati lake, nayajua ninayoyasema. Alikuwa anachukua chaki, anafumba macho, anachora pwani nzima ya Mtwara ubaoni kwa mkono mmoja usiotetemeka. Hapa Mikindani, hapa Msangamkuu, hapa Msimbati, na hapa chini kabisa Ruvuma unamwaga maji yake. Asubuhi za baridi alitupeleka kwa mguu mpaka ukingoni mwa uwanda, pale wanapokuja siku hizi wageni na kamera zao, ukungu umejaa bondeni mpaka Msumbiji yote haionekani. Anaunyooshea fimbo. "Watoto, bahari ndivyo ilivyo. Ongezeni chumvi tu."

Na sisi, watoto wa kuteremka bonde zima kwa ajili ya ndoo moja ya maji, tulisimama pale midomo wazi. Maji yote hayo, na hakuna anayekwenda kupanga foleni! Mtihani wa darasa la tano nilipata tisini na mbili katika jiografia. Watu wakampa jina la Mwalimu Bahari, likamganda, na hakuna mtu Newala wala Mkunya ambaye hajui ni nani ukilitaja.

Sasa mwaka huu, mwezi wa nane, kabla korosho hazijaanza kutushika miguu, Umoja wa Akina Mama kanisani kwetu tukaamua kwenda kutalii. Kila mwaka tunasafiri kwenda makongamano, tunakaa ukumbini, tunakula wali, tunarudi na vitabu vya nyimbo. Safari hii tukasema hapana, tunataka kuona bahari ya mkoa wetu wenyewe. Majirani zetu Waislamu nao wakajiandikisha, wa kwanza wao Bi Kibibi, muuza vitumbua wa sokoni. Bi Kibibi si Mwanglikana na si mwanachama, lakini mkutano asiohudhuria yeye huku kwetu hauhesabiki kuwa mkutano.

Suala la kiongozi wa msafara halikuchukua hata dakika moja.

"Nyie!" alisema Bi Kibibi. "Tuna Mwalimu Bahari hapa mtaani, halafu tukae kujadili kiongozi? Mna akili kweli?"

Mikono yote juu. Mimi nikiwa katibu nikatumwa kumpelekea habari. Nilimkuta kibarazani akinywa chai, nikamwamkia, nikamwambia. Kikombe akakiweka chini polepole.

"Hiyo safari, Mama Yuster, haiwezi kuahirishwa?"

Nikadhani ni unyenyekevu. Wazee wa misheni ndivyo walivyo, ukiwapa heshima lazima kwanza waikatae mara mbili. Nikacheka, nikaaga.

Siku moja kabla ya safari, mchana, akaja kwenye kibanda changu cha kushonea. Akangoja mteja aondoke, akavuta mlango, akabaki amesimama kama anayesubiri kuchukuliwa vipimo.

"Mama Yuster, mimi sijawahi kuiona bahari."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Mguu ukaniganda kwenye pedali ya cherehani.

Akanieleza. Mwaka wake wa kwanza kazini, akiwa na miaka ishirini na miwili, mtoto mmoja alinyoosha kidole akauliza, Mwalimu, wewe umeshaogelea baharini? Akajibu, sana. "Neno moja tu," aliniambia. "Hata sikulifikiria." Lakini mtu aliyeogelea sana hawezi tena kwenda kuiona bahari kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Walimu wenzake wakipanga safari, yeye ana malaria. Kwaya ikialikwa pwani, yeye ana msiba Masasi. Mtwara yenyewe alifika mara moja tu, kushughulikia karatasi za kustaafu, akasimama kwenye mstari tangu asubuhi hadi gari la mwisho likataka kuondoka. "Niliisikia harufu yake," alisema. "Ilikuwa nyuma ya majengo hapo hapo. Ningetoka kwenye mstari, ningepoteza nafasi."

Jamani, nilikasirika! Nilikasirika mpaka masikio yakawa ya moto.

"Mwalimu! Na tisini na mbili yangu?"

"Tisini na mbili yako ni halali kabisa. Yote niliyofundisha yamo vitabuni."

"Na ule ukungu?"

Hapo akainamisha kichwa. Kisha akaniomba. Nikae ubavuni kwake siku nzima. Nikimwona anashangaa, nikohoe. Na mtu akiuliza kama kweli alishafika pwani, niseme ndiyo, nasikia alikuwa akienda sana ujanani.

"Watanicheka mpaka kaburini," alisema. "Shamba langu unalijua, nyumba yangu unaiona. Sina kitu kingine watu wanachonijua nacho, Mama Yuster. Nina jina hilo tu."

Ningefanyaje? Ni mwalimu wangu. Nikakubali, kwa kununa, na nikamwambia wazi kwamba Mungu akiuliza nitamtaja yeye.

Tuliondoka asubuhi kwa Coaster ya Bonifasi, wanawake ishirini na saba na Mwalimu mmoja. Alikaa kiti cha mbele, kofia kichwani, fimbo magotini, na alivyoanza kusema hakunyamaza. Tulipita Tandahimba tukitafuna ming'oko, ile mizizi yetu ya porini, yeye anaeleza mawimbi. Tukapita mikorosho na mikorosho na mikorosho, yeye yumo kwenye matumbawe. Wanawake wanaitikia, mweh, mweh, kama wako kwenye mahubiri. Mimi nimekaa nyuma yake. Bi Kibibi alimwuliza kama chumvi ya baharini inakausha ngozi, akamjibu kwa uhakika kiasi kwamba na mimi kwa dakika mbili nilisahau kuwa hajui.

Kwenye saa nne tukafika ufukweni, nje kidogo ya mji. Bonifasi akazima gari. Mwalimu akashuka wa kwanza kama kiongozi, mimi kisigino kwa kisigino naye, koo tayari kwa kukohoa.

Bahari haikuwepo.

Nasema haikuwepo. Palikuwa na mchanga, halafu tope, halafu majani ya kijani yamelala chini yamechoka, halafu tope tena, mpaka mwisho wa macho. Vidimbwi viwili vitatu. Ngalawa zimekaa kwenye matope zimeegemea ubavu. Bi Kibibi alishuka na sufuria la pilau kichwani, akaangaza kulia, akaangaza kushoto, akaweka mkono mdomoni.

"Haya makubwa! Hata huku maji yamekatika?"

Msicheke. Sisi bomba la mtaa linaweza kulala wiki mbili bila tone, kwa hiyo tukikuta maji hayapo mahali yanapotakiwa kuwepo, mawazo yetu yanakwenda upande mmoja tu. Wanawake wote wakasikitika. Mmoja akasema huenda wanatengeneza. Mwingine akasema kiangazi cha mwaka huu kimezidi, kama bahari nayo imeshindwa, sisi ni nani? Alikuwa akipita mama mmoja wa pale, kikapu begani na fimbo ya chuma mkononi, anakwenda kutafuta pweza, Bi Kibibi akamsimamisha kwa huruma ya kweli.

"Pole, mama. Yana siku ngapi tangu yakatike?"

Yule mama akatuangalia toka kichwani hadi miguuni, sisi na sare zetu na masufuria yetu.

"Mmetoka wapi nyie?"

"Newala."

"Ahaa," akasema, akaenda zake.

Basi macho yote yakamgeukia Mwalimu. Nami nikamtazama. Uso umempauka, mdomo wazi, fimbo imemponyoka na hana habari. Miaka arobaini na mitano anaiogopa siku hii, na siku imefika, na bahari yenyewe haikuja! Nikakohoa. Hakusikia. Nikakohoa tena, kikohozi cha mtu wa kupelekwa hospitali, ndipo akashtuka, na nikaona vitabu vinamrudia kichwani kimoja kimoja.

"Akina mama, haya ni maji kupwa," alisema. "Mwezi umeyavuta. Yanatoka kwa saa sita, yanarudi kwa saa sita."

Akaangalia saa yake, akatangaza kwamba basi tunayo nafasi ya kutosha, tuyafuate huko huko yaliko. Alianza kuhesabu saa sita zake pale tuliposhuka sisi, kana kwamba bahari ilikuwa inalisubiri gari letu ndipo iondoke. Kitabuni saa sita huanza mwanzo wa ukurasa. Na mimi, tisini na mbili yangu yote, nilimfuata.

Sufuria la pilau tulimwachia Bonifasi. Tukavua viatu, tukapandisha kanga, tukaingia. Na ilikuwa raha, siwezi kudanganya! Kaa wanakimbia upande, konokono wakubwa kama ngumi, na yule mdudu wa miguu mitano aitwaye kiti cha pweza, ambaye Mwalimu alimchora ubaoni kila mwaka. Alipomwona akiwa hai aliinama, akamtazama, hakumshika. Nikakohoa. Akainuka akaendelea kueleza. Tulikwenda hivyo, picha baada ya picha, mpaka kwenye fungu la mchanga mbali sana na nchi kavu, na kutoka pale ndipo tukauona mstari wa buluu. Wanawake wakapiga vigelegele. Mwalimu akavua kofia.

Tulikaa pale karibu saa nzima na nusu, tunakula vitumbua vya Bi Kibibi kutoka kwenye ndoo yake. Halafu tukasikia sauti. Ni yule mama wa pweza, kikapu kimejaa, anakwenda nchi kavu karibu anakimbia.

"Nyie watu wa bara! Mmekaa mnangoja nini? Leo bamvua! Geukeni nyuma!"

Bamvua sikuwahi kufundishwa. Sasa nalijua. Ni siku ambazo maji hutoka mbali kupita kawaida na kurudi kwa haraka kupita kawaida, na hata mtoto wa chekechea wa pwani anazijua. Tukageuka. Kati yetu na gari la Bonifasi, pale tulipopita pakavu, palikuwa na maji.

Sitasema kwamba tulirudi kwa utaratibu. Tulirudi kwa kupiga kelele. Yule mama alitutangulia akituonyesha pa kukanyaga, na sisi nyuma yake tumeshikana kanga kwa kanga, maji ya magoti, maji ya mapaja, huyu anamwita Yesu, huyu anamwita Mtume, na Bi Kibibi anaiita ndoo yake ya vitumbua iliyokuwa inaelea kwenda zake Msumbiji. Hakuna aliyeumia. Viatu tulipoteza, na simu mbili.

Tulipokanyaga mchanga nikahesabu watu. Ishirini na saba. Mwalimu hayupo.

Alikuwa kule kule nyuma, maji kiunoni, ametupa mgongo sisi. Nilirudi. Sijui kuogelea, nani Newala anajua? Lakini nilirudi, nalia kwa hasira, namwita kila jina baya ambalo mwanafunzi hapaswi kumwita mwalimu. Nilipomfikia na kumshika mkono nikaona machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu.

"Yanakuja yenyewe, Mama Yuster," aliniambia. "Tazama! Hakuna aliyeyaita, hakuna aliyeyabeba. Maji yanakuja yenyewe!"

Sikukohoa. Nilimshika tu mkono, tukasimama, mimi na yeye, kitambo kidogo, tukayatazama yakija. Hilo halikuwemo kitabuni wala kwenye ukungu. Kisha nikamvuta tukatoka.

Saa tisa bahari ilikuwa karibu kujaa, buluu, mawimbi yanapiga pale pale tulipokuwa tunasikitikia bomba. Tukapakua pilau. Mnajua watu wakishanusurika wanavyokuwa, kila mmoja anasimulia, kila mmoja alikuwa wa mwisho, kila mmoja maji yalimfika shingoni. Mimi nilikuwa nangoja. Nilijua Bi Kibibi hajasahau ndoo yake, na nilijua akiinuka kusema, jina la Mwalimu litachanwachanwa vipande pale pale mchangani. Akainuka kweli, sahani mkononi.

"Wenzangu," alisema, "mimi darasani niliishia la pili. Lakini leo nimesoma. Mnafikiri Mwalimu alitupeleka kule kwa bahati mbaya? Mtu kama yule? Alijua! Alitaka tuyaone maji yakija kwa macho yetu. Ubaoni angetuambia, tungesahau. Wallahi mimi haya sitayasahau!"

Makofi, vigelegele. Wakapendekeza hapo hapo kwamba wageni wa kanisa watakaokuja kutoka ng'ambo mwakani, Mwalimu ndiye awalete pwani, na miaka yote inayofuata awe yeye. Wakapiga kura mdomo umejaa pilau. Nikashusha pumzi. Jina limepona! Nilitaka kumkonyeza.

Mwalimu akainuka. Shati bado bichi, kifungo cha juu kimefungwa.

"Akina mama, nimewadanganya," alisema. "Nimewadanganya ninyi na watoto wenu. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuiona bahari. Sikujua chochote. Ningewaua. Naomba mnisamehe. Na naomba mjue kwamba leo nimefurahi kuliko siku yoyote."

Halafu Bi Kibibi akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, na wote wakamfuata.

"Mwalimu jamani! Nani alijua mzee huyu ana utani namna hii?"

"Si utani," alisema. "Naapa si utani. Mwulizeni Mama Yuster, yeye anajua."

Wakanigeukia, wote ishirini na sita, mashavu yamejaa, macho yanacheka. Naye akanitazama. Hakuwa na hofu hata chembe. Uso wake ulikuwa mweupe wazi, kama wa mtoto aliyeleta daftari lisahihishwe, anajua safari hii amepata.

Nilikuwa na neno moja la kusema, na lilikuwa la kweli. Lakini nikamtazama Bi Kibibi, nikafikiria sokoni kesho, nikafikiria watakavyosema kumbe mzee alitaka kutuzamisha, kumbe tangu siku zote. Nikafikiria pia watakavyosema, na wewe Mama Yuster ulijua ukanyamaza? Nawaambia kama lilivyo, hilo la mwisho ndilo nililifikiria kwa muda mrefu zaidi.

"Mwalimu anatania," nikasema. "Nasikia alikuwa akija sana ujanani."

Wakashangilia. Mmoja akamwongezea Mwalimu nyama kwenye sahani. Akakaa.

Gari likasimama Tandahimba. Pale wenzetu walishuka kununua maji ya chupa, tukabaki wawili garini, jua bado lipo. Nikamwambia, "Mwalimu, si uliniomba mwenyewe?"

"Niliomba jana," alijibu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Alikuwa anatazama nje, kwenye mikorosho. "Leo nimeiona bahari kwa mara ya kwanza, Mama Yuster, nikiwa na miaka sitini na saba. Nilitaka mtu mmoja tu aseme, hongera. Dunia nzima ni wewe tu uliyekuwa unajua."

Nikafungua mdomo nimwambie hongera. Lakini wanawake walikuwa wanapanda gari, na Bi Kibibi alikuwa anamwomba Mwalimu awaeleze tena lile la mwezi kuvuta maji, na Mwalimu akajiweka sawa kitini, akaanza kueleza.